Harambee: Neno Lililotoka Kwenye Kamba

Babu yangu mzaa mama alikuwa hamali wa Bandari ya Kale, Mombasa. Begani alikuwa na sugu nene kama ya kisigino, na sisi wajukuu tulikuwa tukigombania kuigusa. Tarehe 1 Juni 1963, siku Kenya ilipopata Madaraka na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, Babu alikuwa barazani kwetu Kibokoni na wazee wenzake, wanakunywa kahawa chungu na kusikiliza redio. Ikaja ile sauti nzito ya Kenyatta: Harambee! Umati ukaitika. Akaita tena, ukaitika tena. Babu akatua kikombe, akawatazama wenzake mmoja mmoja, akasema, "Hilo si neno letu la kamba hilo?"

Nilikuwa na miaka saba, na sikuelewa kwa nini wazee wazima walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilikuja kuelewa ukubwani, na tangu hapo swali lake halijaniacha. Neno la kamba lilifikaje kwenye ngao ya taifa? Na lilipofika huko, kamba yenyewe ilikwenda wapi?

Nimefundisha historia na Kiswahili kwa miaka 31. Kila mwaka tulifika kwenye somo la ngao, na kila mwaka watoto walilipenda kwa sababu lina picha. Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameshika mikuki. Katikati jogoo anakwenda mbele na shoka mguuni. Chini ni Mlima Kenya na mazao yake: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Mtoto wa darasa la nne atakwambia bila kusita kwamba rangi nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Akifika kwenye utepe wa chini, penye neno moja tu, husema "maana yake ni kuvuta pamoja", kisha anafunga daftari. Hata mimi nimewaacha wengi wafunge daftari hapo, na leo najuta.

Tuwatazame kwanza majirani. Tanzania imeandika Uhuru na Umoja, nomino mbili, mambo mawili ya kutafutwa na kulindwa. Uganda imejitoa kwa ajili ya Mungu na nchi. Burundi ina umoja, kazi na maendeleo. Botswana, ambayo nayo ina neno moja kama sisi, imeandika Pula, yaani mvua, na ingawa Watswana hulipaza neno hilo kwa shangwe kwenye mikutano yao, bado lina kitu linachokitaja, kitu kinachoshuka kutoka mawinguni. Harambee haitaji kitu. Kwa asili yake ni kihisishi, ndugu yake haya! na hoyee! Halina mtenda, halina wakati, halina wingi wala umoja. Ukilichapa kwenye karatasi likakaa peke yake linakuwa nusu ya neno, kwa sababu linamngoja mtu wa kuitika. Babu alinieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko mwanasarufi yeyote niliyemsoma. "Mjukuu wangu, neno hili si la kunena. Ni la kuvutia."

Nililiona likifanya kazi siku moja, na nataka kulisimulia polepole.

Palikuwa na mashua iliyopandishwa ufukweni chini ya mji ili ikalafatiwe na kupakwa deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia maji. Kazi ilikuwa imekwisha na bamvua limefika, maji yamejaa kuliko siku zote za mwezi, kwa hiyo ilikuwa lazima chombo kishuliwe saa ileile au kingoje wiki mbili nyingine. Walikuwapo wanaume kama ishirini. Walikuwa wamepanga magogo ya mnazi chini ya mkuku, na kamba ya usumba, nene kama mkono wangu wa wakati ule, imefungwa kwenye omo na kunyooshwa kuelekea majini. Kabla Babu hajafika, walikuwa wamejaribu kuivuta. Mmoja alivuta, mwingine akapumzika, wa tatu akatukana. Mashua haikusogea hata kwa upana wa kidole.

Babu akapita katikati yao bila kusema, akashika kamba pale mbele kabisa, karibu na chombo, mahali ambapo kamba ikikatika mtu wa kwanza kuumia ni yeye. Kisha akaita. Wengi wanaolipaza neno hili majukwaani hawajui kwamba lina vipande viwili. Kipande cha kwanza kirefu, Haraaam, na ndani yake hakuna anayevuta. Ni wakati wa kuzamisha visigino mchangani, kukunja magoti, kujaza kifua. Kipande cha pili kifupi, bee!, na hapo ndipo miili ishirini inaegemea nyuma kwa pigo moja. Mashua ikalia kama mtu aliyeamshwa, ikasogea shibiri. Wakapumua. Babu akatazama nyuso zao, akahakikisha kila mtu amepata pumzi, ndipo akaita tena.

Katika mwito wa tatu kijana mmoja alitangulia, akavuta kabla ya bee, akaanguka chali na viganja vimechunika. Hakuna aliyemcheka. Babu alimngoja asimame, akamwambia, "Atanguliaye huumia, achelewaye huburutwa." Wakaendelea. Nilihesabu miito kumi na minne mpaka maji yalipoipokea mashua. Nguvu za wale wanaume zilikuwapo tangu asubuhi. Walichopungukiwa ni mtu wa kuzikutanisha, naye akiwa ameshika kamba ileile.

Waswahili wana majina ya nyimbo za aina hii. Za kazi kwa jumla ni hodiya, za mabaharia na wavuvi ni kimai, za wakulima ni wawe. Harambee ni kama kokwa ya hodiya, kile kinachobaki ukimenya wimbo wote ukaacha pumzi na pigo. Mabaharia walikuwa nalo wakitweka tanga, maana foromali la jahazi kubwa ni zito na henza haivutwi na watu wawili. Mahamali walikuwa nalo wakisukuma mikokoteni kupandisha kutoka bandarini hadi Ndia Kuu, mikokoteni imejaa tende, papa mkavu na mazulia yaliyoletwa na kaskazi.

Sasa wapo wanaosema neno si letu. Maelezo yao ni kwamba lilikuja na Wahindi waliojenga reli kuanzia Mombasa mwaka 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakawa wanamwita mungu wao wa kike Ambe kila walipoinua chuma. Maelezo haya yamewasumbua Wakenya wengi wacha Mungu. Nimewahi kuwa na mzazi aliyekuja shuleni kuniomba mwanawe asilitamke neno hilo mstarini, na nilimheshimu, tukakaa tukazungumza. Nilimwambia ninachoamini mpaka leo. Wafanyakazi wa reli walioletwa kutoka India walikuwa karibu 32,000, na wengi wao walitoka Punjab, wakiwamo Waislamu na Masingasinga kwa maelfu, watu ambao sioni kwa nini wangemwita Ambe. Zaidi ya hayo, pwani hii ilikuwa ikivuta kamba karne nyingi kabla ya reli. Haiwezekani watu walioshua majahazi tangu enzi za mababu wa mababu wangoje mataruma ya reli ndipo wapate sauti ya kuvutia.

Lakini hata kama siku moja itathibitishwa kwamba sauti hiyo ilivuka bahari, mimi sitaona aibu. Maneno ya baharini hayana kabila moja. Nahodha na bandari ni Kiajemi. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, naye ametoka hukohuko. Hamali, kazi aliyoifanya Babu maisha yake yote, ni Kiarabu. Tanga ni letu la Kibantu. Kwenye kamba moja walishika Wabajuni, Wadigo, Washihiri, Wakachchi na Wakamba waliokuja kutafuta pesa za kodi, na neno lililowafaa wote ndilo lililobaki. Mimi hilo lanitosha, na mzazi yule, nashukuru, naye lilimtosha.

Kuna jambo jingine kuhusu siku ile ya redio ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Tarehe 1 Juni 1963, wakati Kenyatta anaita, Mombasa kisheria haikuwa koloni la Kenya. Ilikuwa sehemu ya Mwambao, ukanda wa maili 10 kutoka baharini ambao Sultani wa Zanzibar aliuachia Uingereza kuusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895, na bendera yake nyekundu ilikuwa bado ikipepea juu ya Fort Jesus. Nyumbani kwetu mjomba mmoja alikuwa mtu wa chama cha KANU na mwingine alitaka Mwambao ujitawale, na mama aliwapakulia chakula vyumba viwili tofauti. Makubaliano ya kuuingiza ukanda huo katika Kenya yalitiwa saini tarehe 8 Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Kwa hiyo Kenya ililichukua neno la Mwambao kabla ya kuuchukua Mwambao wenyewe. Ninaliandika hili bila kinyongo. Ninaliandika kwa sababu watu wa pwani mara nyingi wameambiwa kwamba walichelewa kuingia katika taifa hili, ilhali neno lao lilitangulia miezi minne.

Kenyatta alikuwa na sababu ya kulitafuta neno la namna hiyo. Uchaguzi wa Mei ulikuwa umeisha juzi tu, KANU wakitaka serikali moja yenye nguvu, KADU wakitaka majimbo, na kila kabila likiogopa kumezwa na jingine. Neno la Kikikuyu, la Kijaluo au la Kikalenjin lisingepita. Na makabila hayo yote yalikuwa tayari na majina ya jambo lenyewe. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, Wajaluo wana saga: majirani wanakwenda shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na mwenye shamba anawalisha. Sisi tuna ujima. Kilichohitajika ni jina ambalo hakuna aliyeweza kusema ni la jirani yake, na mahamali walikuwa nalo.

Kenyatta mwenyewe alikuwa ameifanya harambee kabla hajaiita kwa jina hilo. Aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alikwenda kuongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939 na Mbiyu Koinange ili kuzipatia walimu shule huru za Wakikuyu, zile zilizojitenga na wamisheni. Chuo kile kilijengwa kwa michango ya wananchi. Marika yalishindana kuchanga, na wanawake walichangia bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, ikapageuza mahali pa kunyongea watu. Mtu aliyeona mali ya michango ikigeuzwa kitanzi hawezi kulitamka neno la kujenga pamoja kama mchezo, na mimi naamini hakulitamka kama mchezo.

Wala mahamali hawakuwa watu wa kuvuta tu bila kuuliza. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waliacha kazi kwa siku zisizopungua kumi, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao kipya. Babu alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba ilikuwa rahisi, kwa sababu watu waliozoea kuvuta kwa pigo moja wanajua pia kuachia kwa pigo moja. Meli zilikaa Kilindini, mizigo ikaoza. Nilipofundisha asili ya neno hili sikukosa kuutaja mgomo ule, kwani aliyeshika kamba ana haki ya kujua mzigo ni wa nani.

Baada ya Uhuru neno likashuka vijijini, na huko likafanya mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafsi yangu inatulia. Serikali haikuwa na shule za sekondari za kutosha. Wazazi wakajenga zao. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Kisha wakajenga vyuo: Kimathi kule Nyeri, Ramogi kule Kisumu, WECO kule Kakamega, na kwetu pwani Coast Institute pale Voi. Cha Nyeri na cha Kakamega leo ni vyuo vikuu.

Mimi mwenyewe nilianza kazi katika shule ya harambee, bara ya Kilifi, mwaka 1979. Madarasa mawili ya mawe ya matumbawe, la tatu la udongo na makuti, na wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha pili. Mwezi wangu wa kwanza palifanyika harambee ya kuezeka darasa la tatu kwa mabati. Meza ilitandikwa chini ya mwembe. Mgeni wa heshima alitoa noti zake, zikahesabiwa, makofi yakapigwa. Halafu ukaja mnada wa vitu vya wale wasio na noti. Jogoo aliuzwa, mnunuzi akamrudisha auzwe tena, akauzwa mara tatu. Mkungu wa ndizi. Nazi kwa mafungu. Ukili uliosukwa tayari.

Akaja bibi mmoja, mjane, ameshika yai. Yai moja. Alilileta mezani kwa mikono miwili kama anayebeba maji, akalitua, akarudi alikotoka bila kungoja kutangazwa. Mwenye kuendesha mnada alikuwa mtu mwenye adabu. Alisema, "Yai hili lina mjukuu kidato cha kwanza," na hakusema zaidi. Lile yai lilinunuliwa kwa bei ya mabati mawili. Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama ukutani wanatazama, na siku iliyofuata hakuna aliyechelewa darasani. Miaka mingi baadaye, nikisikia watu wanasema harambee ni mzigo, huwa naliona kwanza lile yai, kisha ndipo ninakubali kwamba wana haki ya kulalamika.

Maana haki wanayo. Ndani ya muda mfupi kamba ilianza kulegea upande wa anayeita. Ilianza kidogo: mgeni wa heshima alipewa kiti cha mbali na jua, halafu hema, halafu ratiba ikamngoja yeye. Majina ya wachangaji yakasomwa kwa mpangilio wa noti. Wanasiasa wakajua kwamba anayechanga kiasi kikubwa hapati swali la fedha zimetoka wapi, naye hupata kura. Kwingine michango ikawa kodi isiyo na sheria. Shangazi yangu alikwenda kwa chifu mmoja kutaka barua ya kumtambulisha. Akaulizwa, "Risiti ya harambee iko wapi?" Hakuwa nayo. Alirudi nyumbani akachukua kuku aliyekuwa akiatamia, akampeleka, akapewa barua. Mayai yaliharibika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na aliyemwambia shangazi alete mchango hakuwa ameinua hata kanda la usufi.

Hata lugha ya neno hili iliachwa mlangoni. Katika Bunge la Kenya huru Kiingereza ndicho kilichokubaliwa, na Kiswahili hakikuruhusiwa mpaka mwaka 1974. Fikiri: kwa miaka 11 neno la Kiswahili lilikuwa kwenye ngao ya nchi, na mbunge aliyechaguliwa na mahamali hakuweza kusimama akasema kwa lugha yao. Watu walioitwa kuvuta hawakuelewa wanavuta kwenda wapi. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko noti za kujionyesha, ingawa husemwa kwa nadra.

Mwaka 2003 ilipitishwa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, na ndani yake palikuwa na kifungu kilichokataza afisa kutumia cheo au ofisi yake kukusanya michango. Kifungu hicho kililitaja neno lenyewe, harambee. Nilipokisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Neno lililobebwa na simba wawili lilikuwa limeandikwa pia miongoni mwa mambo ambayo mtumishi wa umma alipaswa kuzuiwa asiyatumie vibaya. Katiba ya mwaka 2010 ililihifadhi pale pale kwenye ngao, katika Jedwali la Pili. Na Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani wakipinga kodi mpya, na kukasirishwa na viongozi waliokuwa wakimwaga mamilioni makanisani, Rais William Ruto aliagiza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Nchi ikafika mahali ambapo viongozi wake walikatazwa kufanya kile ambacho nembo yao inaagiza.

Nilisikiliza agizo lile kwa huzuni, na bado nilikubaliana nalo. Nadhani Babu naye angekubali. Aitaye huku mikono yake iko mfukoni hana haki ya kuita, na kama hawezi kushika kamba, basi anyamaze ili wenzake wapate kusikilizana.

Kwani wenzake hawajaacha kuvuta. Mwaka 2011, njaa ilipobana kaskazini, Wakenya walichanga kwa simu, wengine shilingi 10 kwa wakati, na mchango ule ulivuka lengo la shilingi milioni 500 lililowekwa. Wale wale vijana wa 2024, waliokuwa wakizomea noti za wanasiasa, walichangishana kwa simu usiku na mchana kuwalipia wenzao waliojeruhiwa gharama za hospitali na kuwazika waliokufa. Sikuona hema wala mgeni wa heshima. Aliyeitisha mchango aliweka hesabu hadharani na jina lake lilikuwa miongoni mwa waliotoa. Sidhani wengi wao wamewahi kugusa kamba ya usumba, lakini pigo walilijua.

Walimu wenzangu mnaoendelea kufundisha, mkifika kwenye somo la ngao msianze na kalamu za rangi. Tafuteni kamba na gogo zito, muwatoe watoto nje uwanjani. Waacheni kwanza wavute kila mmoja kwa wakati wake, waone. Kisha mteueni mmoja aite, na msimruhusu kufungua kinywa mpaka naye awe ameshika kamba.